Amsterdam: hizi hoteli za "butiki" za pembeni ya mifereji zina thamani ya hela yake au tunalipia picha tu?

Binti_wa_Tengeru

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo kwa mliowahi kulala au mnaoishi kule Uholanzi, maana hapa nyumbani tumebishana mpaka watoto wanatucheka.

Iko hivi. Mwezi wa tatu shemeji yangu anatetea PhD yake pale Wageningen (maharage, miaka minne yote ni maharage, tumeshamsamehe) na mimi na baba watoto tumealikwa. Sasa mwaka huu tunatimiza miaka kumi ya ndoa, na honimuni yetu kwa taarifa yenu ilikuwa siku mbili Tanga kwa shangazi yake, shangazi mwenyewe akiwepo na akitugongea mlango saa kumi na mbili asubuhi tukanywe chai. Kwa hiyo nimesema safari hii baada ya sherehe tunalala usiku tatu Amsterdam kwenye hoteli nzuri, ile ya kwenye nyumba za zamani pembeni ya maji, nimeweka hela kwenye kikoba changu miaka miwili kwa ajili hiyo na sijamuomba mtu.

Nimeipata moja mfereji wa Keizersgracht, euro 395 kwa usiku, vyumba havifiki arobaini, kila kimoja kimepambwa kivyake, wanaiita butiki. (Mama yangu nilipomwambia tunalala hoteli ya butiki akauliza kwani mnalala dukani.) Mzee wangu, huyo baba watoto, anasema huo ni wizi, kwa hela hiyo tunapata hoteli kubwa ya ghorofa ishirini nje kidogo ya mji na chenji inabaki. Halafu kuna suala la goti lake, alianguka na bodaboda 2019, ngazi anapanda kwa mahesabu.

Naombeni ukweli. Inalipa? Nini niangalie kabla sijabuku? Na kama kuna mtu alilala akajuta aseme tu, sitazimia.

Kisu_Butu

Milioni na ushee kwa usiku mmoja kulala pembeni ya mtaro? Dada njoo Jangwani msimu wa masika nikupe chumba bure, tena huku kwetu mtaro haukai nje, unakufuata mpaka kitandani.

Mama_Wawili_Moshi

Kisu Butu acha mambo yako 😂😂 mwenzio kaweka kikoba. Nasubiri majibu hapa na mimi, nina ndoto hiyo hiyo ila mume ndiye bado.

Mswahili_wa_Almere

Dada wa Tengeru salama. Naishi huku mwaka wa kumi na nne na katika hiyo sita nimetandika vitanda kwenye hoteli ya aina hiyo hiyo unayoisema, sitaitaja jina, ila nakuhakikishia kila kona yake naijua kuliko mwenye nayo. Ngoja nikupe ya ndani.

Kitu cha kwanza ambacho watu hawaelewi ni kwamba pale hununui hoteli, unanunua chumba. Hoteli ya ghorofa ishirini ukipewa 504 au 1104 ni kile kile, kapeti lile lile. Hizi za mifereji siyo hivyo. Hizo ni nyumba za wafanyabiashara wa miaka ya 1600, ule mzunguko wa mifereji walianza kuuchimba 1613, kiwanja cha mbele ya maji kilikuwa ghali kwa hiyo watu walijenga nyembamba, zinakwenda nyuma na zinakwenda juu. Ghorofa ya kwanza upande wa mfereji ndiko alikokaa tajiri mwenyewe na wageni wake, dari iko juu kama ya kanisa, madirisha makubwa. Chini nusu ardhini kulikuwa na jiko na wafanyakazi. Juu kabisa darini ni stoo, pilipili manga na vitambaa huko. Sasa leo hoteli imenunua nyumba nne, tano, imetoboa kuta zikaunganika, na vyote hivyo vinaitwa chumba cha nyota tano! Sebule ya tajiri ni chumba, jiko ni chumba, stoo ya pilipili ni chumba. Ile bei uliyoiona inayoanzia 395 mara nyingi ndiyo stoo.

Sisi tulikuwa na kimoja juu chini ya paa, wenyewe tulikiita "kwa mganga", kwa sababu kila mgeni aliyetoka humo asubuhi alikuwa ameshika kichwa. Boriti la mwaloni limekatiza katikati ya njia ya kwenda bafuni, usawa wa paji la uso la mzungu. Mwishowe meneja alilivisha ngozi laini ya kahawia kama sofa, ikashonwa vizuri, wageni wakawa wanaipiga picha wakidhani ni urembo.

Na ngazi dada. Ngazi za nyumba za kule ni kama unapanda darini kukagua panya, upana wa kukanyaga hautoshi mguu mzima, unashuka kwa ubavu. Ndiyo maana ukitazama juu ya kila nyumba utaona boriti limetokeza na ndoano, fanicha hazipiti kwenye ngazi, zinavutwa kwa kamba zinaingilia dirishani, hata leo mtu akihama utaona sofa linaning'inia barabarani. Hoteli nyingi zimeweka lifti lakini eneo lote ni urithi wa dunia UNESCO tangu 2010 na nyumba zenyewe zinalindwa, huwezi kubomoa unavyotaka, kwa hiyo lifti inakuwa kwenye nyumba moja tu kati ya tano. Na sakafu za nyumba hizo hazikujengwa usawa mmoja! Unatoka kwenye lifti umefurahi, unatembea kidogo ukumbini, hao vingazi vitatu vya kupanda, kona, vingazi viwili vya kushuka. Kwa goti la mumeo hicho ndicho cha kuuliza, usiulize "mna lifti?" watakujibu ndiyo na hawajadanganya. Uliza kutoka mlango wa barabarani mpaka kitandani kuna vidato vingapi. Waholanzi ukiwauliza moja kwa moja wanajibu moja kwa moja, wala hawakwaziki, wao ndivyo walivyo.

Waandikie barua pepe hoteli yenyewe siyo ile tovuti ya kubukia. Tovuti inakata kamisheni kwao, ukienda moja kwa moja wana sababu ya kukupendelea. Sema ni miaka kumi ya ndoa, sema goti, sema unataka namba ya chumba. Sisi asubuhi tulikuwa tunapewa karatasi ya wanaoingia leo na pembeni kuna maelezo, mwenye maelezo anawekewa chumba mapema, asiye na maelezo anapewa kilichobaki, na kilichobaki ni kwa mganga.

Otieno_wa_Ngong_Road

Huyu dada wa Almere amesema yote, mimi niongeze ya mwathiriwa. Tulienda na bibi yangu, yaani mke wangu, 2023, nilikuwa nimejipanga kabisa, picha kwenye simu zinaonyesha dirisha kubwa, maji, boti, nikabuku kwa tovuti, jina la chumba lilikuwa zuri sana sikumbuki lakini lilikuwa na neno la kifalme ndani. Tukafika, kijana akabeba mizigo, nikaona badala ya kupanda tunashuka. Nikasema labda ni njia ya mkato. Wapi. Chumba kiko nusu chini ya barabara, kisafi, kitanda kizuri ajabu, shuka laini, lakini dirisha liko usawa wa lami. Kwa siku mbili mfereji niliuona kati ya miguu ya watu. Bibi yangu alianza kuwapa majina kulingana na viatu. Kuna jamaa wa buti za njano alipita mara tano, tukawa tunamsubiri.

Nilienda kulalamika risepsheni nikaambiwa kwa upole kabisa kwamba maelezo ya chumba yalisema "usawa wa bustani". Nikarudi kusoma, kweli yalisema. Hapo ndipo nilijua sijui.

Lakini kisa kikubwa ni kadi. Ukifika wanataka kadi wazuie pesa ya dhamana, kwangu ilikuwa euro 300 juu ya bei ya chumba. Nilikuwa na kadi ya kawaida ya benki, ile inachota kwa akaunti moja kwa moja. Walizuia, na sisi tukabaki na pesa ya kula mandazi, na hakuna mandazi huko. Tulipotoka waliachilia siku hiyo hiyo kwa upande wao lakini benki yangu ilikaa na hiyo pesa karibu wiki mbili. Kwa hivyo kama una kadi ya mkopo enda nayo, kama hauna uliza mapema wanazuia ngapi na ubebe akiba kwingine. Na uambie benki yako unasafiri, kadi isikwame uwanja wa ndege.

Ah, na kengele. Tulikuwa karibu na Westerkerk, ile kanisa ya mnara mrefu, na wakati huo kengele ilikuwa inapiga kila robo saa. Bibi alisema ni kama kulala ndani ya saa. Mimi nililala tu.

Kisu_Butu

Kwa hiyo unalipa milioni unaangalia viatu. Nimeandika.

Binti_wa_Tengeru

Jamani nacheka hapa peke yangu ofisini. Dada wa Almere Mungu akubariki, hiyo ya vidato ningeijuaje. Nimeshamsomea mzee bandiko lako, aliposikia ya boriti akanyamaza, ni mtu wa futi sita na kitu.

Maswali mengine. KLM ya hapa KIA inatuwahisha Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, asubuhi, tukitoka Wageningen pia ni asubuhi maana shemeji ana wageni wengine, hivi chumba wanatoa saa ngapi? Na kifungua kinywa wanataka euro 38 kwa kichwa, ni cha lazima? Kuna na "kodi ya jiji" nimeiona kwa maandishi madogo sijaielewa. Pia kuna bei ya ofa, inashuka mpaka 340 ila ukilipa hairudi.

Mzoefu_wa_Viza

Hiyo ofa usiiguse kabla hujashika viza mkononi!! Nasema kwa herufi kubwa za moyoni. Viza ya Schengen ada ni euro 90 na yenyewe hairudi hata ukinyimwa, bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, sasa ukiongeza na hoteli isiyorudisha unajitafutia presha. Buku ile inayofutika, peleka hiyo ubalozini, viza ikitoka ndiyo uanze kutafuta ofa. Mimi nilipoteza usiku mbili za Paris hivi hivi, viza ilitoka siku tatu baada ya tarehe ya kuingia, na niliwapigia hoteli nikaongea Kifaransa chote nilichofundishwa sekondari.

Mswahili_wa_Almere

Mzoefu kasema kweli.

Chumba kwa kawaida ni saa tisa alasiri. Mkifika mapema mizigo wanaishika bure, mnaenda zenu kutembea. Sisi wafanyakazi tulikuwa tunaanza na vyumba vilivyotoka mapema, kwa hiyo ukiandika kwamba mtafika saa tano na mwenzio ana goti, msimamizi anaweza kukisogeza chenu kiwe cha kwanza kusafishwa. Hawaahidi lakini wanafanya.

Kodi ya jiji ni 12.5% ya bei ya chumba kabla ya VAT, Amsterdam wanaongoza kwa hilo, na VAT yenyewe ya malazi imepanda kutoka 9% kuwa 21% tangu Januari 2026, ndiyo maana unaona bei zimechangamka. VAT inakuwa imo ndani ya bei, kodi ya jiji mara nyingi haimo. Kwa 395 yako hiyo kodi inakuja kama euro 41 kila usiku. Piga hesabu: chumba usiku tatu 1,185, kodi 120 na kitu, ukiweka na kifungua kinywa cha watu wawili siku tatu 228, umeshapita 1,500. Heri ulijue sasa kuliko kulijulia mapokezini umeshika pochi.

Kifungua kinywa siyo lazima. Chukua siku moja tu, mkae mle muone vijiko vya fedha, siku nyingine tokeni nje mtembee mpaka vile vichochoro tisa vinavyounganisha mifereji, De Negen Straatjes, kahawa na mkate mnashiba wote kwa bei ya mmoja. Maji msinunue, ya bombani ni safi kabisa, ile chupa ya chumbani tulikuwa tunaipanga kwa madaha lakini ina bei yake.

Halafu tarehe. Kama mnaweza mlale Jumapili, Jumatatu, Jumanne badala ya Ijumaa, bei inashuka yenyewe bila ofa. Mwezi wa tatu mwanzoni ni baridi na upepo ila maua ya tulipu hayajaanza kuleta watu. Msije tu karibu na tarehe 27 Aprili, sikukuu ya mfalme, siku hiyo hata stoo ya pilipili inauzwa bei ya sebule.

Na upande wa bustani usiudharau. Watu wote wanataka mfereji, lakini nyuma ya zile nyumba kuna bustani ndefu kimya kabisa, huwezi kuamini uko mjini. Upande wa maji wikendi kuna boti za vijana wanaimba mpaka usiku. Ila kwa miaka kumi ya ndoa, dada, chukua mfereji, na ghorofa ya kwanza.

Mwanafunzi_Utrecht

Mimi nitapingana kidogo na wakubwa. Kwa nini Amsterdam? Mnatoka Wageningen (kumbuka mji wenyewe hauna stesheni, mnapanda basi mpaka Ede ndiyo treni), Utrecht mnaipita njiani. Ina mifereji mizuri kuliko, kule chini usawa wa maji kuna magodauni ya zamani yamekuwa mikahawa, unakaa miguu iko karibu na bata, na vyumba bei nafuu. Amsterdam mnaenda kwa treni kama nusu saa mnatembea mnarudi.

Kama shida ni kuziona zile hoteli, ingieni mkanywe kahawa tu, hakuna anayewafukuza. Hoteli ya Pulitzer imetengenezwa na nyumba 25 zilizounganishwa kati ya Prinsengracht na Keizersgracht, ilifunguliwa 1970 na mjukuu wa yule Pulitzer wa tuzo za waandishi wa habari. Kahawa moja mnapoteza nusu siku mle ndani mkipotea kwenye kona zake. Na The Dylan pale Keizersgracht 384 geti lake la jiwe ni la ukumbi wa kwanza wa michezo ya kuigiza wa jiji, wa 1638, ukumbi uliungua 1772 geti likabaki. Kulitazama ni bure.

Mama_Wawili_Moshi

Mwanangu wa Utrecht una akili ila bado hujaoa. Mwanamke kaweka kikoba miaka miwili unamwambia akanywe kahawa arudi.

Otieno_wa_Ngong_Road

😂😂 Huyo ametolewa na kadi nyekundu.

Binti, kabla sijasahau, kama mnataka kuona nyumba ya Anne Frank, iko Prinsengracht, tiketi ni mtandaoni peke yake, zinafunguliwa kila Jumanne kwa wiki ya sita mbele. Sisi tulienda tukitegemea foleni, tukaambiwa hakuna foleni kama hauna tiketi. Na treni kutoka Schiphol mpaka Centraal, stesheni kuu ya mjini, ni robo saa tu, mnagusisha kadi ya benki pale mlangoni, na mkitoka gusisheni tena, ukisahau wanakukata zaidi. Teksi ni hamsini na kitu bila sababu.

Binti_wa_Tengeru

MREJESHO. Wakuu tumerudi, naomba radhi kuchelewa, mdogo alipata homa tulipofika.

Shemeji ni daktari wa maharage rasmi. Ile sherehe yenyewe ni ya aina yake, maprofesa wanamuuliza maswali, saa ikifika anaingia mtu na fimbo anatamka kwa Kilatini kwamba muda umeisha, hata kama mtu yuko katikati ya sentensi. Mzee anataka fimbo hiyo kwa ajili ya vikao vya ukoo.

Hoteli. Niliwaandikia kama dada wa Almere alivyosema, neno kwa neno, nikauliza vidato. Jibu lilikuja siku ya pili: chumba nilichokuwa nimekibuku kina vidato 41 na hakina lifti. Arobaini na kimoja, mtu kavihesabu! Wakanipa kingine ghorofa ya kwanza mbele, vidato vitano vya mlangoni halafu lifti halafu viwili, kwa nyongeza ya euro 60 kwa usiku. Nilikaa na hiyo barua pepe siku nzima. Nikakata usiku mmoja, tukalala mbili badala ya tatu, Jumapili na Jumatatu.

Sitawadanganya, bafu ni dogo kuliko la kwetu Tengeru, mlango wa kabati ukifunguka wa chooni haufunguki. Sakafu imelalia upande mmoja, kalamu ikianguka inakwenda yenyewe mpaka ukutani. Lakini yale madirisha matatu, toka chini karibu na sakafu mpaka juu, na maji pale nje... mimi nilikaa na koti la kuogea nikatazama tu mtu anapaki baiskeli.

Kifungua kinywa tulikilipia siku moja, Jumatatu. Saa tatu kasoro nimeshavaa namuita mzee tushuke, hajibu. Yuko dirishani. Kumbe chini kuna boti kubwa bapa lina mkono wa chuma kama makucha, linachovya ndani ya mfereji linatoa baiskeli zilizozama, zinatoka nyeusi zinachuruzika tope. Mhudumu aliyeleta kahawa akasema kila mwaka wanatoa kama 12,000 mpaka 15,000. Mzee wangu, yule wa hoteli ya ghorofa ishirini, akavuta kiti na goti lake akaliweka juu ya stuli ya velveti. Nikamkumbusha 38 kwa kichwa na wanafunga saa nne na nusu. Akaniambia nishuke nimletee mkate kwenye leso, hii ni ya saba na bado ina kikapu.